Flashi ya Pembeni na Kitabu Kilichooshwa kwa Javel

Siku yangu ya kwanza kazini, Patron wa studio alinipa kitambaa cha pamba, akanionyesha kona yenye taa mbili zilizosimama kila moja juu ya miguu mitatu, akaniambia nizipanguse bila kugusa kioo kwa vidole. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa niliyetoka Mahagi kwa lori la samaki, na nguo zangu bado zilinuka safari. Nilitegemea kushika kamera. Kwa wiki tatu nilishika kitambaa.

Studio ilikuwa kwenye barabara kubwa ya Bunia: chumba kimoja cha kupigia picha, na kingine cha giza cha kusafishia filamu. Patron alikuwa mtu mfupi wa shati lililopigwa pasi, aliyeongea polepole kama anayesoma tangazo la parokia. Kwake hakuna aliyeruhusiwa kupiga picha kabla ya kueleza kila taa inafanya nini. Ninaandika haya kwa vijana wanaopiga picha leo kwa simu, ambao huniuliza tulivyofanya kazi wakati wa vita, nao hudhani kilichokuwa kigumu ni risasi. Risasi zilikuwepo. Lakini kazi ina ugumu wake, na ugumu huo haungoji vita.

Taa ya kwanza iliunganishwa na kamera kwa waya. Ya pili haikuwa na waya. Ilikuwa na jicho dogo la kioo, ukubwa wa punje ya dengu. Jicho hilo likiona mwako wa taa ya kwanza, nayo huwaka papo hapo, upesi kiasi kwamba mtu huona mwako mmoja tu. Kwa Kifaransa iliitwa flash esclave, yaani flashi mtumwa, kwa kuwa haiwaki kwa hiari yake. Sisi tuliiita flashi ya pembeni, maana ndipo ilipokaa.

"Afoyo," Patron aliniuliza siku hiyo ya kwanza, "uso ya mutu iko na nini?"

"Macho, Patron. Pua. Mudomo."

"Iko na milima na mabonde. Ukiipiga mwanga ya mbele, milima inalala, mabonde inajaa, uso inakuwa sahani. Mwanga ya pembeni njo inaonyesha milima. Unasikia?"

"Nasikia, Patron."

"Hausikie. Utasikia kisha mwaka moja."

Alikosea kidogo. Ilinichukua miaka miwili. Lakini nilipokuja kusikia, sikusahau tena, na hadi leo nikiingia nyumbani kwa mtu natazama kwanza dirisha liko upande gani.

Patron alinifundisha pia jambo ambalo sijaliona katika kitabu chochote. Kila mkanda wa kamera, yaani filamu, una kipande cha mwanzo kinachoungua kwa mwanga unapoupakia. Mkanda wa rangi ukisafishwa, kipande hicho hutoka cheusi kabisa. Ukikikata na kukibandika mbele ya flashi ya kamera, jicho la mtu halioni mwanga ukipita, lakini jicho la flashi ya pembeni linauona, nayo inawaka. Patron alisema kuna mwanga usioonekana, kama joto la pasi, ambao rangi ile nyeusi haiuzuii. Kwa njia hiyo unapata picha yenye mwanga wa pembeni peke yake. Nilijaribu kwa kipande cha mkanda wa nyeusi-na-nyeupe, hakikupitisha kitu. Patron alinicheka siku nzima. "Weye unataka kuona na macho ya kuku," alisema.

Nilifanya kazi kwake miaka mingi, mpaka nikawa Mama Afoyo, mwenye watoto wanne na funguo za chumba cha giza. Kisha vita vikaingia mjini. Sitasimulia hapa nani alimfanyia nani nini. Wengine wameandika, na wengine bado wanagombana juu yake. Nasema tu kwamba studio iliporwa mchana, kwa utulivu, kama watu wanaohama. Walichukua kamera, viti, mashine ya kukuzia picha, pazia lenye maporomoko ya maji yaliyochorwa, na mlango. Flashi ya pembeni ilibaki ndani ya beseni la makaa, pale nilipoificha.

"Hata kama bangeiona, hawangeiba," Patron aliniambia kesho yake, akiwa amekaa juu ya tofali mbele ya studio isiyo na mlango. "Hawajue iko kintu gani. Kamata, ni yako." Baada ya mwezi mmoja alivuka ziwa kwenda kwa ndugu zake Uganda, na huko ndiko alikofia. Sijapata bosi mwingine aliyeheshimu kazi namna ile.

Kituo changu cha pili kilikuwa ofisi ya misaada iliyofunguliwa mjini askari wa kigeni walipofika. Chef de Bureau wetu, yaani mkuu wa ofisi, alikuwa kijana mrefu kutoka Kinshasa, mwenye haraka, aliyekula mkate akitembea. Alinikabidhi kamera ya dijitali ya kutia mfukoni, niwapige wafanyakazi picha za kadi.

"Mama, hii haina filamu," alisema. "Ukikosea, unafuta, unapiga tena."

"Na nikizoea kufuta, Chef, nitajifunza lini kutokukosea?"

Alicheka mpaka mkate ukamtoka. Alikuwa mtu mwema. Ofisi ilipofungwa na yeye kurudi kwao, aliniachia kamera ile mbele ya mashahidi, na barua yenye muhuri ili askari wa vizuizini wasiseme nimeiba. Kwa hiyo nikabaki na vitu viwili: kamera ndogo ya kisasa yenye flashi yake ya mbele iliyojengewa ndani, na flashi kubwa ya zamani ya pembeni. Sikuwa bado nimevikutanisha.

Vilikutana katika kituo changu cha tatu, na hiki ndicho nilichotaka kuwaeleza.

Siku hizo nilikuwa nikienda kambi ya waliokimbia vita, ile ya karibu na uwanja wa ndege, kuwapiga watu picha. Huko nilimjua Dorika. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti ndogo, aliyekimbia kutoka Gety kwa miguu, na kikwembe kimoja kiunoni. Alikuwa mkunga. Nilimwona akizalisha ndani ya hema la plastiki, mvua ikipiga juu, maji ya moto ndani ya sufuria ya kupikia. Nilitazama mikono yake, kwa kuwa ndiyo kazi yangu kutazama. Haikukimbilia kitu chochote. Ilingoja, ikagusa, ikangoja tena. Mama alipoanza kupiga kelele kwamba anakufa, Dorika alimwambia, "Kufa kisha. Kwanza sukuma," na wanawake wote hemani wakacheka, hata yule mwenye uchungu.

Wakati huo hospitali moja mjini, ambayo haina haja ya kutajwa, ilikuwa inafungua upya wodi ya uzazi, na ilitafuta wakunga. Médecin Directeur wake, yaani daktari mkuu mwenye madaraka yote ya hospitali, alikuwa amechoshwa na watu waliojitokeza wakati wa vita wakiwa na blouse nyeupe, yaani koti la daktari, bila kusoma. Aliweka sharti moja: kila mkunga alete diploma, au alama yoyote kutoka shule aliyosoma kwamba alifaulu mbele ya jury, yaani baraza la mitihani. Orodha ingefungwa Ijumaa.

Diploma ya Dorika iliungua pamoja na nyumba yake. Shule yake, taasisi ndogo ya wauguzi hapa Bunia, ilikuwa na kitabu kikubwa cha jury chenye majina na matokeo ya miaka yote. Nakala zilipelekwa Kisangani zamani, lakini mwaka ule Kisangani ilikuwa mbali kama Ulaya. Dorika alikwenda shuleni Jumatatu kuomba waangalie kitabu. Akarudi kambini na uso wa mtu aliyefiwa.

"Kitabu iko," aliniambia. "Lakini iko nyeupe."

Nilikwenda naye kesho yake nione kwa macho yangu.

Madame Directrice, mkuu wa taasisi ile, alikuwa mwanamke wa Mahagi kama mimi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakusema neno ambalo hakulihitaji. Aliweka kitabu mezani, akafungua. Kurasa zilikuwa safi. Zilikuwa na mistari ya buluu ya kiwandani, iliyofifia, na juu ya mistari hakuna kitu.

"Secrétaire atakueleza," alisema.

Secrétaire wa shule alikuwa karani mzee wa Marabo aliyeshika kalamu ya taasisi tangu ilipofunguliwa. Alisimama karibu na mlango kama mwanafunzi aliyeitwa. Mapigano yalipofika mtaani kwake, alikifunga kitabu hicho ndani ya plastiki akakizika uani, chini ya jiko, na kwa miezi alilala juu ya siri hiyo. Watu wenye silaha walichimba kwa majirani wakitafuta dhahabu, kwake hawakuchimba. Alipokifukua, maji yalikuwa yameingia, na kuvu la kijani lilikuwa limeota kila ukurasa. Na katika shule ile, tangu mwaka wa kwanza, wanafundishwa kwamba kila kilichooza huoshwa kwa Javel, ile dawa ya klorini ya kuua vijidudu: sakafu, vyombo, mikono, shuka. Secrétaire akachukua Javel, akaichanganya na maji kwa kipimo sahihi kilichobandikwa ukutani, akaosha kitabu ukurasa kwa ukurasa kwa pamba, wiki mbili nzima. Kuvu likafa. Wino nao ukaondoka.

"Mama," aliniambia, "niliona wino inaanza kukimbia, nikasema ni uchafu. Nikaongeza."

Hakuna aliyemcheka. Mtu aliyezika kitabu badala ya kuzika redio yake mwenyewe hachekwi.

Nilikuwa nimeinama juu ya ukurasa nikipitisha kidole, na kidole kikasikia kitu. Palikuwa na mifereji. Nikamuuliza Secrétaire aliandika vipi. Akasema aliandika kwa kalamu ya bic, na chini ya kila ukurasa aliweka karatasi ya kaboni ili nakala itoke. Kwa ajili ya kaboni ilibidi akandamize.

"Wanafunzi walimuita Papa Jembe," Madame Directrice alisema, na hapo ndipo nilipomwona akitabasamu mara ya kwanza. "Alikuwa analima karatasi."

Milima na mabonde. Niliomba chumba kimoja, vipande vya katoni vya kuziba madirisha, na siku tatu.

Jumatano asubuhi tuliziba madirisha. Nililaza kitabu mezani, nikaiweka kamera ndogo juu ya rafu ya vitabu ikitazama chini, nikaweka flashi ya pembeni mezani upande wa kushoto, chini kabisa, ili mwanga wake upite juu ya karatasi kama jua la asubuhi linavyopita juu ya shamba la mihogo. Mbele ya flashi ndogo ya kamera nilibandika kipande cheusi cha mkanda wa rangi. Nilijua kazi yangu. Nikapiga. Flashi ya pembeni iliwaka; tuliiona wote. Picha ikatoka nyeusi kama chungu.

Nikapiga tena. Nyeusi. Nikaondoa kipande cheusi, nikapiga. Picha ikatoka nyeupe, bapa, kama sahani ya Patron, bila mfereji hata mmoja. Nikabadilisha pili, yaani betri. Nikapangusa jicho la flashi. Nikapiga mara kumi na moja.

"Labda imechoka, imekuwa muzee kama siye," alisema Secrétaire.

"Kama imechoka, mbona inawaka?"

Hilo ndilo lililonisumbua. Niliiona kwa macho yangu ikiwaka, na picha inasema haikuwaka. Mmoja wetu alikuwa mwongo. Dorika alikuwa amekaa kwenye ngazi nje ya mlango, akisikia kila kitu, na hakuuliza. Alikuwa akivunja majani makavu vipande vidogo vidogo. Siku hiyo tulikwenda nyumbani bila kitu.

Alhamisi nilipiga picha ya kwanza ya kujaribu bila kipande cheusi, na wakati huohuo Secrétaire alikuwa akipunga mkono kumfukuza nzi. Chumba kilikuwa na giza. Mwanga ulipowaka, niliona mikono miwili ya Secrétaire, mmoja huku na mwingine huku.

"Papa Secrétaire, punga tena."

"Nzi imeenda, Mama."

"Achana na nzi. Punga mukono tu, mbio mbio."

Akapunga. Nikapiga. Mikono miwili. Nikamwomba Madame Directrice aje atazame. Naye akaona miwili, akavua miwani, akaifuta, akaona miwili.

Ndipo nilipoelewa. Mwako mmoja ungeonyesha mkono mmoja. Kamera ile ya dijitali ilikuwa ikiwaka mara mbili, haraka mno kwa jicho kutofautisha: mara ya kwanza kidogo, kupima tu mwanga unaohitajika, na mara ya pili ndiyo ya picha yenyewe. Kamera zetu za mkanda hazikuwa na tabia hiyo. Flashi ya pembeni, kwa uaminifu wake, ilikuwa ikiuona mwako wa kwanza na kumwaga nguvu zake zote. Picha ya kweli ilipokuja, tumbo lake lilikuwa tupu. Hakuna aliyekuwa mwongo. Mmoja alikuwa amewahi mno.

Nikafungua daftari. Kamera haikuwa na kijitabu chake cha maelezo, kwa hiyo nilibonyeza vitufe kimoja baada ya kingine na kuandika kila kimoja kinafanya nini. Cha nane kilikuwa na alama ya nyota. Nilipokibonyeza, kamera iliwaka bila kupiga picha: ule mwako mdogo wa kupima, peke yake. Kisha nilipobonyeza kitufe cha picha, Secrétaire akipunga mkono, tuliona mkono mmoja tu. Mwako wa kupima unaweza kutangulizwa, kisha ukasubiri.

Kuanzia hapo kazi ikapata mwendo wake. Rudisha kipande cheusi mbele ya flashi ya kamera. Bonyeza nyota; flashi ya pembeni inawaka bure. Usiondoe kidole kitufeni. Ngoja mlio wa flashi ukijaza nguvu, mwembamba kama wa mbu, mpaka taa yake nyekundu iwake. Hesabu pumzi tano zaidi. Piga.

Picha ya kwanza iliyofaulu ilikuwa ya ukurasa wa kumi na nne. Kwenye kioo kidogo cha kamera ukurasa mweupe ulikuwa umegeuka kijivu, na juu yake maandishi ya Secrétaire yamesimama kila herufi na kivuli chake, kana kwamba yamechongwa kwenye mbao. Mzee yule aliweka mkono mdomoni. Alikuwa akisoma mwandiko wake mwenyewe wa miaka kumi na tano nyuma. Akaanza kutaja majina kwa sauti, na kwa kila jina alisema mtu huyo yuko wapi: huyu yuko Bule, huyu aliolewa Aru, huyu alikufa. Madame Directrice aliandika.

Tulifika mwaka wa Dorika Alhamisi saa tisa mchana. Tulimwambia angoje nje. Nikapiga, nikakuza picha kwenye kioo, tukainamia watatu. Jina lake lilikuwa la sita, na mbele yake paliandikwa mahali pa kuzaliwa, Gety. Mwishoni mwa mstari, pale wenzake walipokuwa na herufi S ya Satisfaction, yaani amefaulu, yeye alikuwa na A.

A ni Ajournée. Maana yake ameanguka, arudie.

"Inaweza kuwa kivuli," alisema Secrétaire kwa haraka.

Walinitazama mimi. Nilitamani sana kuwa na shaka. Lakini nilikuwa nimetazama vivuli kwa miaka zaidi ya ishirini, na ile ilikuwa kalamu. "Si kivuli," nilisema.

Madame Directrice akaenda mwenyewe mlangoni. "Dorika, ingia."

Aliingia, akaona nyuso zetu, hakuhitaji kuona picha.

"Najua," alisema. "Iko A."

"Ulijua, na ulikuwa unakaa pale inje siku mbili unatuangalia tu? Juu ya nini haukusema?" Madame Directrice alimuuliza sababu.

"Madame, mu kambi banamama bane banangoja kuzaa wiki hii. Nikisema niliangukaka, nani atafungua miguu mbele yangu?" Alijipangusa majani mikononi. "Nilianguka première session, ile ya kwanza. Pratique, mutihani ya mikono. Kondo ya nyuma ilikwama, nikaogopa kuingiza mukono, na mujury alikuwa anaangalia. Nikarudia mwezi ya tisa. Nilifaulu. Hata bwana yangu sikumuambia kama nilirudiaka. Alijua tu nimechelewa kurudi Gety."

"Deuxième session iko ukurasa gani?" Madame Directrice alimuuliza Secrétaire.

Mzee aliinamisha kichwa. Kurasa za session ya pili zilikuwa mwisho wa kila mwaka, na za mwaka ule ndizo kuvu lilizozipenda zaidi. Alikuwa ameziosha mara tatu.

Nilifungua ukurasa huo, nikapitisha kidole. Sikusikia kitu. Sikuwaambia. Nikapiga flashi ikiwa kushoto: karatasi ya kijivu, tupu, yenye vinyweleo. Nikailaza flashi hadi ikagusa ubao wa meza, nikapiga. Vivuli vichache kama nyayo za ndege. Dorika alikuwa amesimama nyuma yangu, nami nilisikia pumzi yake shingoni. Ingekuwa rahisi sana kwake kuomba tuache. Tungeandika kwamba kitabu kimeharibika, naye angeondoka na siri yake, bila kazi lakini na heshima. Nikageuka kumwuliza kwa macho.

"Piga tu, Mama Afoyo," alisema.

Mkulima akilima matuta kuelekea mtoni, ukitazama kutoka mtoni huoni matuta; lazima usimame ubavuni. Nilimwuliza Secrétaire aoneshe hewani jinsi anavyoandika. Mkono wake ulikandamiza zaidi akivuta kalamu kwa upana, si kwa kwenda chini. Kwa hiyo nikaihamisha flashi kutoka kushoto na kuiweka juu, kichwani mwa ukurasa. Nyota. Mlio. Taa nyekundu. Pumzi tano. Nikapiga.

Tulisoma pole pole, kama watoto wa darasa la kwanza. Kwanza lilitokea neno la juu, "Deuxième". Kisha majina matatu tu, maana walioanguka hawakuwa wengi. La pili lilikuwa lake. Herufi mbili za katikati hazikuonekana, zilizobaki zilitosha. Mwishoni, Secrétaire alikuwa ameandika neno zima badala ya herufi, naye akakumbuka sababu: mwenyekiti wa jury alimlazimisha. "Satisfaction." Na chini, kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikitafuta: muhuri mkavu wa taasisi, ule unaobana karatasi bila wino, ukiwa mviringo mzima, na Javel haikuwa imeuweza.

Dorika hakulia. Alikaa sakafuni, miguu mbele, akaomba maji.

Madame Directrice alisema angepeleka hospitali picha ya session ya pili tu, kwani sharti lilikuwa kufaulu, na kufaulu kumeonekana. Hakukuwa na udanganyifu wowote katika hilo. Dorika akanywa maji yote kwanza.

"Tuma zote mbili," alisema.

"Hakuna mutu aliyeomba ile ya kwanza."

"Atauliza juu ya nini niko mu session ya mwezi ya tisa. Nataka aulize siku moja, amalize."

Ijumaa tulikwenda watatu: Madame Directrice, Dorika na mimi, kwa kuwa picha zilikuwa ndani ya kamera na mimi ndiye niliyejua kuzifungua. Médecin Directeur alikuwa mtu mkubwa wa mwili, aliyekaa nyuma ya rundo la faili. Alitazama picha ya kwanza muda mrefu, akatazama ya pili, akarudi ya kwanza.

"Ulianguka kwa nini?"

"Kondo ya nyuma, Docteur. Kuitoa na mukono."

"Kama ingekuwa leo, saa hii, hapa, ungefanya nini?"

Dorika alimweleza. Alieleza kwa sauti yake ndogo, mikono ikionyesha hewani: wa nje unashika wapi, wa ndani unafuata nini, unangoja wakati gani, na wakati gani huruhusiwi tena kungoja. Alitaja wanawake watatu aliowafanyia hivyo, mmoja njiani, kwenye majani, siku ya pili ya kukimbia kutoka Gety. Daktari aliacha kuchezea kalamu.

"Na yule wa njiani?"

"Iko mu kambi, hema ya tano. Anauza ndizi."

Médecin Directeur alivuta orodha yake, akaandika. Halafu akamwambia Madame Directrice, bila kuinua kichwa, "Wengine wananiletea karatasi ambazo hazijaanguka hata mara moja. Sijui niwaulize nini." Jumatatu Dorika alianza kazi.

Mimi nilibaki kwenye taasisi ile karibu mwaka mzima, nikipiga kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa, kila mmoja mara mbili, mwanga wa kushoto na mwanga wa juu. Kurasa tisa hazikusomeka hata kidogo, na katika kurasa hizo wapo watu ambao hatukuweza kuwasaidia. Naliandika hilo ili msidhani mwanga unaweza kila kitu. Zilizosomeka, Secrétaire alizinakili kwa mkono katika kitabu kipya, akikandamiza vilevile ingawa hapakuwa na kaboni chini. Alipofika mwaka wa Dorika, alikuja na kalamu mkononi kumwuliza Madame Directrice kama anakili na ile A. Madame Directrice alimwambia ampelekee swali hilo mwenye jina. Akaenda hospitali kwa miguu, akarudi, akaandika.

Nilistaafu macho yalipoanza kuona ukungu. Nimefanya kazi chini ya watu niliowaheshimu, na nikipima maisha yangu naona hilo ni bahati kubwa kuliko vyombo. Vijana wakiniuliza kamera ipi ni nzuri, nawaambia waanze kwa kujua kamera yao huwaka mara ngapi.

Dorika sasa ndiye mkuu wa wakunga pale hospitali, na kila mwaka taasisi humwita kuzungumza na wanafunzi wa mwaka wa mwisho kabla ya mtihani wa pratique. Mwaka jana walinialika nami nikaketi nyuma. Hakutoa hotuba. Alikifungua kitabu kipya, akakipitisha kutoka dawati hadi dawati, kidole chake kikiwa kwenye mstari wa sita, penye ile A, na kila msichana alipouona alimwinulia macho. Alipofika dawati la mwisho alifunua kurasa mbili mbele, kwenye session ya pili, akakizungusha kitabu tena, kuanzia mwanzo.